Simba Aliyepewa Jina la Mzee Hamidi

Kama kuna mwanamke aliyewahi kuipanga kwa mikono yake mwenyewe, tena mikono yenye hina mpya, siku ya mpenzi wake kuvunjwa taya, basi ni Munira binti Hamidi wa Mazwi, Sumbawanga. Hakujua, maskini. Alidhani anapanga siku ya heri. Mapenzi ndivyo yalivyo: yanaiazima akili yako, na yakikurudishia unakuta ina ufa.

Mambo yalianza Alhamisi mchana, wali ukiwa bado unafuka mezani. Mzee Hamidi, ambaye nusu ya abiria wa Laela walikuwa wakipanda mabasi yake tangu yakiwa mawili na bovu moja, alisogeza sahani pembeni na kumtazama binti yake.

"Huyo Kheri wako anafanya kazi gani hasa?"

"Anasimulia, Baba."

"Anasimulia nini?"

"Filamu za maarifa. Za wanyama, za nyota, za wafalme wa kale, za jinsi mwili unavyofanya kazi. Zenyewe zinasema Kiingereza. Yeye anakaa na kipaza sauti, anazisema Kiswahili palepale, watu wakiwa wanatazama."

"Kwa hiyo analipwa kwa kuongea."

"Hata mawakili wanalipwa kwa kuongea, Baba."

Mzee Hamidi alicheka mpaka mabega yakatikisika. Fahadi, mtoto wake wa kwanza, hakucheka. Fahadi alikuwa na miaka thelathini na tano, shingo nene, na mwaka mzima sasa ndiye aliyekuwa akiyaendesha mabasi, tangu baba yao alipopelekwa Mbeya kwa sukari na kurudi amepungua nusu.

"Mtoto wa mvuvi wa Kipili," Fahadi alisema. "Mdomo mtupu. Na Zuberi wa Laela anayemtaka tumwambie nini? Mtu ana malori matatu ya mahindi."

"Na mke mmoja aliyechoka," Munira akajibu.

"Nyamazeni nyote wawili." Mzee Hamidi aliosha mikono taratibu. "Vipindi vya wanyama mimi navipenda, tatizo sielewi kinachosemwa. Kabla sijapokea barua ya posa ya mtu, nitamwona kazini kwake. Jumamosi nitakwenda kumsikiliza. Akinipendeza, barua yake ailete Jumapili. Asiponipendeza, Munira, sitaki kulisikia tena jina lake humu ndani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba."

Na usiku ule ule akapaka hina, na kwa mikono ile ile akamwandikia Kheri ajiandae kwa Jumamosi.

Jumamosi saa tisa alasiri banda la Gaudensi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Ni banda la mabati lenye runinga moja kubwa, spika mbili, na mabenchi ambayo ukikaa vibaya unaondoka na msumari. Siku za mpira huingia vijana tu. Jumamosi alasiri, siku ya Kheri, walikuja hata walimu, hata kina mama wa sokoni wamejitanda vitenge juu ya masweta, maana Juni ya Sumbawanga ni ile baridi ambayo hata mbuzi hutembea wamejikunyata.

Munira na binamu yake Kulsumu walikaa upande wa wanawake. Mzee Hamidi aliwekewa kiti cha plastiki mbele kabisa. Fahadi alisimama nyuma yake, amekunja mikono, kama mlinzi wa benki.

"Dada, acha kung'ata kucha," Kulsumu alinong'ona. "Hina yote itaishia tumboni."

"Sing'ati."

"Basi ni mimi naota."

Kheri aliingia na koti lake lililopauka viwiko. Akapita moja kwa moja hadi mbele, akainama. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimekuja kukusikiliza, kijana."

"Nitajitahidi, Mzee."

Halafu akainua macho, akamtafuta Munira katika vitenge vile vyote, akampata. Ilikuwa nusu ya pumzi tu. Lakini Munira alisikia joto likimpanda kutoka kwenye magoti, ule ule moto wa siku ya kwanza.

Siku ya kwanza ilikuwa filamu ya mtoto tumboni. Munira alikuwa ameingia kwa bahati, akikimbia mvua. Kheri alikuwa akisimulia: "Sasa ana wiki nane. Ukubwa wake ni harage moja, kina mama, harage la hapa hapa kwetu. Lakini harage hili lina moyo, na moyo unapiga. Hajui kama baba ana kazi. Hajui kama baba yupo." Mama mmoja muuza dagaa alilia kwa sauti. Munira alitoka pale mvua imekwisha, naye amelowa zaidi ya aliyenyeshewa.

Ila Kheri alikuwa na mwiko mmoja wa kazi, na mwiko huo ndio uliomponza. Hakuwa anaitazama filamu kabla. Gaudensi alimletea ikiwa kwenye flashi, anachomeka, anaanza. "Nikiujua mwisho," alizoea kusema, "sauti yangu itachoka kabla ya watu. Nataka tushangae wote." Mwaka wa pili huo alikuwa anashangaa na watu, na haikuwahi kumgharimu kitu.

Taa ikazimwa. Kwenye kioo likatokea bonde la nyasi kavu, na katikati ya nyasi, simba dume mwenye manyoya meusi ya shingoni, uso umejaa makovu.

"Mwenye mji huyo," Kheri akasema kwenye kipaza sauti, na banda likatulia. "Miaka tisa anaitawala nchi hii. Haya makovu mnayoyaona si ugonjwa. Ni vyeti vya shule. Kila kovu lina mtu aliyekuja kujaribu, na huyo mtu hayupo hapa kutusimulia."

Watu wakacheka. Mzee Hamidi akatikisa kichwa, ameridhika. Kheri aliona kutikisika kule, na hapo ndipo utamu ukamzidi.

"Na kwa kuwa leo tunaye mgeni wa heshima," akaendelea, "simba huyu wa heshima hawezi kukaa bila jina. Leo anaitwa Hamidi."

Banda zima likapiga makofi. Mzee Hamidi akainua mkono mmoja, tabasamu limefika masikioni. Kulsumu alimfinya Munira paja.

"Kesho barua," akasema.

"Nyamaza, utaitia mkosi."

Kwa dakika kumi kila kitu kilikwenda kama asali. Hamidi alilala juu ya jiwe. Hamidi aliletewa nyati, akala kwanza. Hamidi alikuwa na majike manne na watoto sita waliompanda mgongoni, na yeye akafumba macho kwa subira. Kheri alisimulia kwa sauti ya chini, ya mapenzi, na Munira alijua kwamba mapenzi yale hayakuwa ya simba.

Kisha kwenye kilima akatokea dume mwingine.

Alikuwa kijana. Manyoya mafupi ya rangi ya ulezi, kifua kipana, hana hata mkwaruzo. Alisimama, akanusa upepo, akaanza kushuka.

"Mgeni huyu," Kheri akasema, na Munira akasikia sauti yake ikijikwaa kidogo, "anapita tu. Anatafuta maji."

"Anatafuta binti," kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Huyo ni wewe, Kheri. Umemfuata binti kwa Hamidi."

Kicheko kikapasuka. Mazwi ni ndogo. Habari ya Munira na msimulizi ilikuwa imeshazunguka vijiwe vyote vya bodaboda.

"Huyu hana jina," Kheri akasema haraka. "Jamani, huyu hana jina."

"Kheri huyo. Tunamjua kwa koti."

Munira hakucheka. Alikuwa anautazama mgongo wa kaka yake, jinsi shingo ilivyokuwa inajaa.

Simba hawakusubiri. Kijana alimrukia mzee kwa ubavu, wakasimama kwa miguu ya nyuma kama watu wanaokumbatiana, na damu ikaonekana kwenye nyasi kabla ya mtu kujua imetoka kwa nani. Meno ya kijana yalizama kwenye uti wa mgongo wa mzee, pale chini karibu na mkia. Aliponyanyua kichwa, miguu ya nyuma ya yule mzee ilikuwa imekufa. Alijaribu kusimama. Miguu ya mbele ikamvuta, ya nyuma ikabaki.

Kheri angeweza kudanganya. Angeweza kusema wanacheza. Lakini watu mia na hamsini walikuwa na macho. Akanyamaza, na kwa msimulizi kunyamaza ni kumpa kila mlevi kipaza sauti.

"Hamidi chini."

"Hamidi, kiti kina mwenyewe sasa. Kaa pembeni, mzee."

"Mpisheni bosi mpya."

Kwenye kioo, yule kijana alimwendea mtoto wa kwanza wa simba, akamuuma kichwa mara moja, akamwachia. Akamwendea wa pili. Mama mmoja akasema astaghfirullah. Kulsumu akafunika uso. Kheri alikuwa anahangaika na flashi, anaivuta, haitoki.

"Zima," Munira alisema, ingawa hakuna aliyemsikia. "Kheri, zima."

Fahadi hakuwa tena nyuma ya baba yake.

Alirudi baada ya dakika moja. Mkononi alikuwa na spana ya kufungulia tairi za basi, chuma kirefu kama mkono wa mtu. Gaudensi, mwenye banda, alijaribu kumzuia mlangoni.

"Kaka Fahadi, ngoja kwanza, tuongee—"

Chuma kikampata juu ya sikio. Gaudensi akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu, na damu ikamshuka kwenye sweta.

Hapo banda likavunjika. Mlango ulikuwa mmoja. Watu walikanyagana, mabenchi yakapinduka, mabati ya ukuta wa nyuma yakapigwa mateke mpaka yakafunguka na upepo ukaingia. Fahadi alipita katikati yao wote kama mtu anayevuka mto. Pigo la kwanza aliipa runinga: yule simba kijana akapasuka vipande, kukabaki giza na cheche. La pili alimpa Kheri.

Kipaza sauti kilikuwa bado kiko wazi, bado kiko mkononi mwa Kheri. Kwa hiyo Munira hakuliona tu lile pigo. Alilisikia kwenye spika zote mbili, mfupa ukivunjika kwa sauti kubwa kuliko radi ya Machi, na baada yake pumzi, na baada ya pumzi kitu cha majimaji kikidondoka.

"Utamwita nani simba?" Fahadi alikuwa anasema, na kila neno lilikuja na teke, na kila teke spika zililisema tena. "Utamwita baba yangu simba? Utamvunja kiuno mbele ya watu? Sema. Si kazi yako kusema? Sema sasa."

Kheri alikuwa amepiga magoti. Alinyanyua mkono kujikinga, chuma kikaukuta mkono. Fahadi akainua spana kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, na safari hii hakuwa analenga mkono.

Baadaye Munira hakukumbuka aliruka mabenchi mangapi. Alikumbuka tu kwamba alimng'ata kaka yake kwenye kifundo cha mkono, akang'ata mpaka akaonja chumvi, na spana ikaanguka. Fahadi alimpiga kofi la kiganja kizima, Munira akaona nyota. Fahadi akainama tena kumsaka Kheri, safari hii kwa vidole, akimkamata koo.

Munira aliokota chuma. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, na cha moto kwa jasho la mtu.

"Kaka, mwachie."

"Ondoka hapa."

"Kaka, nakuomba kwa mara ya mwisho. Mwachie."

Fahadi hakugeuka. Munira akashusha. Alimpiga kwenye mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kiganja, kwa nguvu zote alizokuwa nazo na nyingine ambazo hakujua alikuwa nazo, na ule mkono ukapinda pale ambapo mkono wa binadamu haupindi.

Fahadi alitoa sauti ndogo sana kwa mtu mkubwa kama yeye. Kisha akakaa chini, anautazama mkono wake.

Mtu akachomoa waya, spika zikafa. Waliobaki ndani walikuwa wachache: Gaudensi aliyejifunga sweta kichwani, Kulsumu anayelia karibu na ukuta, Fahadi, Munira, na Kheri ambaye kichwa chake sasa kilikuwa mapajani mwa Munira, taya limelegea upande mmoja, damu inaingia kwenye nguo mpya ya Munira bila haraka.

Na Mzee Hamidi. Alikuwa bado kwenye kiti cha plastiki. Kati ya mabenchi yote yaliyopinduka, kiti chake hakikusogea hata kidole kimoja.

"Kijana," akasema.

Kheri akafungua macho.

"Ulijua kwamba yule simba atavunjwa?"

Kheri akajaribu kusema. Kikatoka kitu kama maji yanayochemka sufuriani. Akafumba macho kwa maumivu, akajaribu tena.

"Anasema hakujua, Baba," Munira akasema. "Huwa hazitazami kabla. Hata Gaudensi anajua."

"Kweli, Mzee," Gaudensi akasema. "Nimemwambia mara mia ni ujinga."

"Nimemuuliza yeye."

Kheri akatikisa kichwa, kidogo, upande na upande. Chozi likamtoka kwenye kona ya jicho likapotea kwenye damu. Akagusa kifua chake, kisha akamnyooshea Mzee Hamidi kidole, akainua mkono juu.

"Anasema alikupa jina la yule kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote," Munira akasema. Sauti yake ilikuwa inakatika lakini hakuiacha. "Anasema alitaka ujione alivyokuona yeye. Anasema samahani."

"Yote hayo ameyasema kwa kidole?"

"Lugha yake naijua, Baba."

Mzee Hamidi akamgeukia mtoto wake wa kiume. "Na wewe. Wewe ulinyanyukia nini?"

"Walikudhalilisha, Baba." Fahadi alikuwa ameubana mkono tumboni, uso umekuwa wa majivu. "Umewasikia. Hamidi chini, Hamidi pembeni. Ningekaa tu?"

"Nimewasikia. Walimwita yule kijana Kheri. Hakuna aliyelitaja jina lako, hata mmoja. Sasa nashangaa kilichokuchoma."

Fahadi akainamia mkono wake.

"Niliporudi kutoka Mbeya nilikwenda ofisini," Mzee Hamidi akasema, bila kupandisha sauti. "Nikakuta kiti changu kimewekwa stoo, na matairi mabovu juu yake. Nikasema mtoto amekua, anahitaji nafasi. Nikarudi nyumbani nikakaa kwenye kochi, natazama wanyama. Mwaka mzima sijasema neno. Leo umetaka kumuua mtu kwa sababu kioo kimekuonyesha sura yako."

"Baba, si hivyo."

"Ufunguo."

"Wa gari?"

"Wa gari, na wa ofisi."

Fahadi alihangaika kutoa funguo zote mbili mfukoni kwa mkono wa kushoto. Zilipomponyoka, hakuna aliyemwokotea. Mzee Hamidi aliinama mwenyewe, akazishika, akasimama kwa shida, akaja hadi pale Munira alipokuwa amekaa. Akamtazama binti yake kwa muda mrefu, nguo yenye damu, midomo yenye damu ya kaka yake, viganja ambavyo sasa usingejua hina inaishia wapi.

"Umemvunja ndugu yako."

"Ndiyo, Baba."

"Na hujutii."

"Nitajuta. Si leo."

Kheri akatoa sauti nyingine, ndefu kidogo. Akamshika Munira mkono.

"Anasema nini sasa?" Mzee Hamidi akauliza.

Munira akameza mate. "Anasema anaomba upokee barua yake kesho kama ulivyoahidi."

"Amesema hivyo?"

"Hajasema bado. Ila ndicho atakachosema."

Kitu kikapita usoni mwa mzee, haraka, kama mtu anayezuia kupiga chafya. "Mwambie—"

"Anakusikia, Baba. Kilichovunjika ni taya, masikio ni mazima."

"Mwambie hivyo hivyo. Kesho sipokei. Mwanamume anayemwoa binti yangu atakaa mbele yangu aniambie kwa kinywa chake mwenyewe anachokitaka. Na siku hiyo awe ameufikiria mwanzo na mwisho, asije kushangaa pamoja na mimi. Taya linapona kwa muda gani?"

"Wiki sita, Mzee," Gaudensi akasema. "La shemeji yangu lilichukua wiki sita. Lakini yeye aliendelea kunywa."

"Basi wiki sita."

Munira aliinamisha uso, akagusa paji la Kheri kwa paji lake. Kheri alinuka damu na koti kuukuu. Vidole vyake vikabana vya Munira, mara moja, kwa nguvu, na hiyo haikuhitaji mtu wa kuitafsiri.

Fahadi alikuwa amefika mlangoni, ameegemea mbao. Alfajiri hii alikuwa na mabasi manne, sasa hana hata mkono wa kufungia kifungo. Alimtazama dada yake, akamtazama aliyelala mapajani mwake.

"Wiki sita ni nyingi," akasema taratibu. "Na Mazwi ni ndogo."

Mzee Hamidi alimtazama Munira, anangoja kuona yeye atasema nini.

"Ni nyingi kweli, kaka," Munira akasema. "Na wewe una mkono mmoja tu mzima."

Akampitishia Kheri mikono chini ya makwapa, akamnyanyua. Na baba yake, bila kuombwa na mtu, akainama akashika miguu.